Tundu la kutoa maji lisigeuke mlango wa kuingiza maji



Kwa wengi kati yenu munaokaa kando ya ziwa Kivu na ziwa Tanganyika, boti ya motere ndiyo lori. Kahawa ya Idjwi haina njia ingine ya kutoka kisiwani ila maji. Mihogo, mahindi na maharagi ya upande wa Kalehe, Fizi ao Moba vilevile, mvua ikisha kukata barabara ao usalama ukiwa mubaya, vinapita majini. Koperative zilizofaulu kununua boti yao ao kupewa moja zimepunguza sana gharama ya usafiri. Ni jambo zuri, na tunalifurahia pamoja nanyi.

Lakini mazungumzo yetu nanyi juu ya boti yamekuwa siku zote juu ya motere: mafuta gani, bujia gani, nani anashika ufunguo. Leo tunaomba tuongee juu ya kitu kidogo ambacho hakuna mtu anakitazama. Ni tundu, lenye upana wa kidole gumba ao kidogo zaidi, lililotobolewa ubavuni ao nyuma ya boti ili maji ya ndani yatoke nje. Tundu hilo likikaa mahali pabaya, ao likikaa mahali pazuri lakini boti ikapakiwa vibaya, maji hayatoki tena. Yanaingia.

Katika mitumbwi ya mbao iliyojengwa hapa kwetu matundu hayo ni machache. Fundi anaziba mbao kwa pamba na gudroni, na maji yanayopenya yanatolewa kwa bidoni iliyokatwa. Matundu yamekuja na boti za kioo cha nyuzi, ile watu wanaita fibre, na zile za aluminiamu, ambazo zinaletwa zikiwa tayari kutoka nje. Siku hizi mafundi wetu pia wanaanza kuyatoboa katika boti za mbao, juu koperative inataka kuweka pompu ya batri. Ndiyo maana tunaona wakati umefika wa kuyaelewa.

Kuna matundu ya namna tatu, na kila moja lina tabia yake. La kwanza ni lile la chini kabisa nyuma, lenye kizibo cha kukaza kwa mkono. Kazi yake ni kumwaga maji boti ikiwa nchi kavu. La pili ni mdomo wa tiyo ya pompu: pompu inakaa chini ndani ya boti, inavuta maji na kuyatupa nje kupitia tiyo inayotobolea ubavuni. La tatu linapatikana kwenye boti zenye sakafu iliyofungwa: ni matundu ya pembeni mwa sakafu, ambayo maji ya mvua na ya mawimbi yanapitia kurudi ziwani. La kwanza linajulikana na watu wanaliogopa. Hayo mawili mengine watu wanayaamini mno.

Mstari wa maji unatembea

Fundi ao kiwanda kinapotoboa tundu la pompu kinatazama boti ikielea tupu, ao ikiwa na mzigo ule waliofikiri itabeba. Boti nyingi zinazotufikia zilifikiriwa kwa ajili ya abiria sita ao kumi na mikoba yao. Hakuna mtu kule kiwandani aliyefikiri juu ya magunia thelathini ya mihogo. Basi tundu liko juu ya maji santimetre 20 ao 25, linaonekana vizuri, kila mtu anatulia.

Sasa tufanye hesabu. Tuseme boti yenu ina urefu wa metre 10 na upana wa metre 2. Kwa sababu mbele imechongoka, eneo lake pale inapogusa maji si metre 20 za mraba, ni kama 14. Tani moja ya mzigo inasukuma tani moja ya maji, ni kusema metre moja ya ujazo. Gawanya kwa 14, utapata santimetre 7. Kila tani munayopakia, boti inashuka santimetre 7.

Munapakia tani tatu za mahindi: imeshuka santimetre 21. Tundu lililokuwa juu santimetre 25 limebaki na santimetre 4. Kiisha wanapanda wamama na wababa kumi na watano wanaokwenda soko, kila mmoja na uzito wa kilo 65 hivi, ni tani nyingine. Santimetre 7 tena. Tundu sasa liko santimetre 3 chini ya maji, na boti ingali imefungwa kwenye kivuko. Hakuna aliyefanya jambo la ajabu. Ni safari ya kawaida ya siku ya soko.

Na hesabu hiyo inasema boti inashuka sawasawa mbele na nyuma. Haiko hivyo. Nyuma kuna motere, na motere ya nguvu 40 peke yake inapita kilo 70. Nyuma kuna kapiteni na musaidizi wake. Nyuma watu wanapenda kuweka fuu la esansi, na litre 200 za esansi ni karibu kilo 150. Boti ikianza kwenda polepole na mzigo mzito, nyuma inakaa chini zaidi na pua inapanda. Kwa hiyo tundu lililowekwa nyuma, na mengi yanawekwa nyuma juu pale ndipo maji ya ndani yanakusanyika, ndilo la kwanza kuzama. Ongeza mawimbi. Kwenye Tanganyika, upepo wa kusini-mashariki wa kiangazi, kuanzia mwezi wa tano, unaleta mawimbi ambayo wavuvi wenyewe wanakataa kutoka. Boti inayoinama upande mmoja kila sekunde chache inazamisha tundu la upande ule kila mara inapoinama.

Hatuwaombi muamini hesabu yetu. Pimeni ninyi wenyewe. Tafuteni bidoni 50 za litre 20. Zikijaa maji ni tani moja. Chagueni siku ziwa limetulia, boti ikiwa karibu na pwani, kina kikiwa cha kufika kiunoni. Mtu mmoja asimame nje na kipande cha makaa ao rangi, aweke alama pale maji yanapofika boti ikiwa tupu, lakini motere na fuu la esansi vikiwa mahali pake. Kiisha pakieni bidoni, mukizipanga kama munavyopanga magunia, na muweke alama ingine. Urefu kati ya alama hizo mbili ndio kiasi boti yenu inashuka kwa tani moja. Fanyeni hivyo mbele, katikati na nyuma. Ni kazi ya asubuhi moja, na vijana wataipenda. Kutoka siku hiyo munajua jambo ambalo wauzaji wengi wa boti hawalijui.

Alama ya boti iliyojaa ipakwe rangi ya kudumu, nyekundu ao nyeupe, pande mbili na nyuma. Hiyo ndiyo alama ya kutazama wakati wa kuamua mdomo wa tiyo uwe wapi. Alama ya boti tupu isiwe kipimo.

Maji yanayorudi kwa njia yaliyotokea

Watu wengi tunaoongea nao wanasema: hata kama mdomo uko chini ya maji, pompu iko pale, itayazuia. Hapana. Pompu ndogo za batri zinazotumika katika boti zina gurudumu lenye mabawa linalosukuma maji. Likizunguka, linasukuma. Likisimama, njia iko wazi kabisa, maji yanapita katikati ya mabawa bila shida. Pompu iliyosimama ni kama tiyo tupu.

Wengine wanasema: tiyo yetu inapanda juu kwanza halafu inashuka kwenye mdomo, kwa hiyo maji hayawezi kupanda mlima. Hapa ndipo penye siri, na tunaomba musome polepole. Kila mtu amewahi kuvuta esansi kutoka fuu kwa tiyo: unavuta kwa mdomo mpaka tiyo ijae, unaishusha chini, na esansi inaendelea kutoka yenyewe, ingawa lazima ipande ukingo wa fuu kwanza. Katika boti ni vilevile. Pompu ikifanya kazi inajaza tiyo yote. Ikisimama, tiyo imejaa maji, mdomo mmoja uko ndani ya ziwa na mwingine uko chini ndani ya boti, mahali palipo chini kuliko uso wa ziwa. Ziwa linaanza kujimwaga ndani ya boti, na linapanda kile kilima cha tiyo bila kuombwa. Pompu ndiyo iliyovuta mara ya kwanza, kama vile wewe ulivyovuta esansi.

Kama pompu ni ile inayojiwasha yenyewe maji yakifika kiasi fulani, mambo yanakuwa ya kuchekesha kama siyo ya kulia. Maji yanaingia, pompu inawaka, inayatoa, inazima, maji yanarudi kwa tiyo ileile, pompu inawaka tena. Inaendelea hivyo saa nyingi mpaka batri inakufa. Baada ya hapo hakuna kitu kinachozuia maji tena.

Tuliitwa kutazama boti moja iliyozama hivyo, kwenye pwani ya magharibi ya ziwa Kivu. Haikuzama safarini. Ilipakiwa kahawa parche jioni ili iondoke saa kumi za usiku, ikafungwa kwenye mti, mulinzi akakaa pale. Alfajiri nyuma yote ilikuwa chini ya maji na magunia yameloa. Kahawa parche iliyokauka vizuri ikiloa namna ile, bei yake imekwisha. Lakini hasara ingine ilikuwa kubwa kuliko kahawa. Walikagua boti chini yote, hawakuona ufa hata mmoja, basi wakaanza kutafuta mtu. Mulinzi alisemwa alilala, halafu akasemwa alipewa pesa. Wengine walianza kutaja majina ya majirani wa ng'ambo ya kilima. Komite ilikuwa karibu kugawanyika wakati tulipoomba boti ivutwe tena majini na kupakiwa mawe ya uzito uleule. Mdomo wa pompu ulizama kabla mawe hayajakwisha kupakiwa. Tuliwasha pompu dakika moja, tukaizima, na wote wakaona maji yakitoka ndani ya pompu kama chemchemi. Mulinzi alikuwa pale, hakusema neno. Tungependa kuamini kwamba kuna waliomuomba musamaha.

Maji ni mengi kiasi gani

Tundu wazi lenye upana wa milimetre 25, likiwa santimetre 10 chini ya maji, linaingiza kama litre 25 kwa dakika. Ni tani moja na nusu kwa saa. Likiwa santimetre 30 chini, ni kama litre 43 kwa dakika, zaidi ya tani mbili na nusu kwa saa. Tiyo na pompu zinapunguza kasi kidogo, lakini shauri ni lile. Muangalie jambo moja: maji yakiingia boti inashuka, boti ikishuka tundu linakwenda chini zaidi, na maji yanaongeza nguvu. Saa ya kwanza na saa ya pili hazifanani.

Mtu mmoja mwenye bidoni iliyokatwa ya litre 5 anaweza kushindana na litre 25 kwa dakika. Ni kuchota mara tano tu. Shida si nguvu, shida ni macho. Magunia yamefunika sakafu yote, watu wamekaa juu ya magunia, na maji yanatembea chini yao bila mtu kujua. Gunia la chini linakunywa maji kwanza na kuongeza uzito. Boti inaanza kuwa nzito kugeuka, kapiteni anafikiri ni upepo. Ndiyo maana tunaomba daima muache nafasi nyuma, angalau pa kuingiza bidoni na mkono, ambapo mtu anaweza kuona maji ya chini. Gunia moja lisilopakiwa pale haliwezi kuharibu faida yenu.

Tarehe 3 Oktoba 2024 sote tulisikia habari ya boti iliyotoka Minova ikapinduka ikiwa karibu kufika Kituku, Goma, na watu wengi wakafa mbele ya macho ya waliokuwa wanawangoja. Lililosemwa siku ile lilikuwa watu na mizigo kupita kiasi. Hatusemi kulikuwa na tundu. Tunaikumbusha kwa sababu boti iliyojaa hivyo haina tena akiba: santimetre chache za maji ndani, zinazokimbilia upande mmoja watu wanaposimama ili washuke, zinatosha kuimaliza.

Namna ya kutengeneza

Dawa ya kwanza haina gharama kubwa: pandisha mdomo. Mdomo wa tiyo ya pompu uwe juu, chini kidogo ya ukingo wa boti, na usiwe nyuma kabisa. Sisi tunaomba uwe angalau santimetre 30 juu ya alama ile ya boti iliyojaa. Kama boti yenu ikijaa haibakizi hata santimetre 30 kati ya maji na ukingo, basi shida yenu si mdomo wa pompu, ni mzigo, na hakuna tiyo itakayowasaidia. Pompu itafanya kazi kidogo zaidi kupandisha maji, ni kweli. Muiache ifanye.

Tundu la zamani lizibwe sawasawa. Kwenye mbao, fundi akate kipande cha mbao ileile, akiweke kwa gundi na misumari isiyoshika kutu, na atie pamba na gudroni. Kwenye fibre lazima kitambaa cha nyuzi na dawa yake, ndani na nje. Silikoni peke yake haizibi tundu. Tunarudia kwa sababu tunaiona kila mahali: silikoni inaziba ufa wa dirisha la nyumba, siyo tundu la boti.

Kama haiwezekani kupandisha mdomo, tiyo ipande kwanza mpaka karibu na ukingo, na pale juu kabisa iwekwe kitundu kidogo cha kuingiza hewa, ao kile kifaa cha hewa kinachouzwa na wauza vipuri. Hewa ikiingia juu, ule mvuto tuliousema unakatika. Kitundu hicho kinatupa tone tone za maji wakati pompu inafanya kazi. Msikizibe mukifikiri kinavuja. Tumeona klape za kuzuia maji kurudi zikipendwa sana juu ni rahisi kuweka. Zinasaidia, lakini jani moja, kipande cha kamba ya gunia, ao punje tatu za mahindi zikikaa katikati, klape haifungi tena. Katika boti ya mazao punje zitakuwapo. Tusiiachie klape maisha ya watu.

Mahali popote tundu linabaki karibu na maji, liwe na robine ya kufunga kwa mkono, na robine hiyo ifikike bila kuondoa mzigo. Robine iliyo chini ya magunia ishirini haipo. Iwe ya shaba ao ya plastiki nene ya kazi ya majini. Ya chuma itashika kutu ikatae kugeuka. Kila juma ifungwe na kufunguliwa mara moja, hata kama hakuna haja, ili isikwame.

Juu ya tiyo zenyewe tunaona mambo mengi. Bomba ngumu la nyumba, lile la kugundisha, halifai: motere inatikisa boti siku yote na bomba linapasuka kwenye kiungo. Tiyo ya bustani inalainika kwa jua na kujibana. Tafuteni tiyo nene yenye waya ndani, na kila mwisho ufungwe kwa kolye mbili, siyo moja, wala siyo kamba ya mpira wa tairi. Midomo ya plastiki nyeupe, ile ya bei ndogo, inaharibiwa na jua. Ikianza kuwa na unga mweupe unapoigusa, ama ikilia ka! unapoibonyeza, muitoe kabla haijavunjika yenyewe. Inavunjika kwa nje, pale kichwa chake kinapogonga kivuko ao boti nyingine, na kutoka ndani hamuoni kitu.

Matundu ya sakafu

Kwenye boti za sakafu iliyofungwa, tunakuta mara nyingi wasafiri wameziba matundu ya pembeni kwa matambara, juu maji yanapanda kupitia pale na kulowanisha magunia. Tunawaelewa. Lakini kama maji ya ziwa yanapanda juu ya sakafu, boti inawaambia kwa sauti kwamba imebeba zaidi ya kipimo. Kuziba tundu ni kumfunga mdomo anayekuonya.

Kiisha inanyesha. Mvua kubwa ya milimetre 30 juu ya boti ya metre 10 kwa 2 inaweza kuleta mpaka litre 600, na matambara yameyafungia yote ndani. Maji yasiyo na pa kutokea ni mabaya kuliko mzigo wa uzito uleule, juu gunia linakaa mahali pake, maji yanakimbia. Boti ikiinama kidogo kushoto, yote yanakwenda kushoto na kuiinamisha zaidi. Munaweza kuweka vifuniko vya mpira vinavyofunguka kwa nje tu, vinauzwa ao fundi anavikata kwa mpira wa ndani wa gari. Vinasaidia katika mawimbi. Lakini dawa yenyewe ni kupunguza mzigo mpaka matundu yarudi juu ya maji.

Kizibo cha nyuma

Hapa hatutakaa sana. Kizibo kinasahauliwa, basi. Boti imeoshwa nchi kavu, imesukumwa majini, na kizibo kiko mfukoni mwa mtu aliyekwenda kunywa chai. Tunapenda desturi ya koperative kadhaa: boti ikiwa nchi kavu, kizibo kinafungwa kwa kamba moja na ufunguo wa motere. Huwezi kuwasha bila kukishika. Kizibo cha pili kikae siku zote ndani ya sanduku la vyombo.

Kuna makapiteni vijana wanaofungua kizibo boti ikikimbia, ili maji ya ndani yanyonywe nje. Kwa boti nyepesi inayoruka juu ya maji ni kweli yanatoka. Boti yenye tani tatu hairuki. Na motere ikizimika na kizibo kiko mkononi, yale yaliyotoka yanarudi na ndugu zao. Tunaomba wenye boti wakataze jambo hili.

Kama maji yanaingia mukiwa katikati ya ziwa

Kila mtu avae jile yake kabla ya kutafuta tundu. Kiisha kapiteni aelekeze boti kwenye pwani ya karibu, hata kama siyo kule munakokwenda, wakati musaidizi anatafuta maji yanatoka wapi. Kama yanatoka kwenye pompu, chomoa tiyo kwenye pompu na uinue mwisho wake juu, ipite uso wa ziwa la nje. Mara moja maji yatasimama, hata kama mdomo wa nje ungali chini. Ifunge pale juu kwa kamba. Watu wengi hawajui jambo hili, na halihitaji chombo chochote isipokuwa mkono. Kama kolye zimekazwa kwa visi, bisibisi iwe imefungwa kwa kamba karibu na pompu.

Kama ni tundu lenyewe ao mdomo uliovunjika, ziba kutoka ndani. Kata leo vijiti vya mti mwepesi, vilivyochongwa kama karoti, vya ukubwa wa kila tundu mulilo nalo, na uvifunge kwa kamba karibu na tundu lake. Mti mwepesi ukilowa unavimba na kukaza wenyewe. Kikipigwa kwa kiatu kinatosha. Pasipo kijiti, kitenge kilichoviringwa na kukazwa kwa kidole gumba kitapunguza maji mengi mpaka kijiti kipatikane. Kama mkono haufiki, hamisha magunia upande wa pili polepole, mawili mawili, mpaka boti iiname kidogo na tundu litoke juu ya maji. Watu wasihame wote pamoja. Wamama waliokaa chini wabaki wamekaa. Anayesimama ndiye anayepindua boti.

Kama hilo halisaidii, mzigo utupwe. Tunajua tunachosema: gunia la kahawa ni ada ya shule ya muhula mmoja. Ndiyo sababu tunaomba koperative ziamue jambo hili katika mkutano, mapema, na kuliandika: kapiteni akiamuru kutupa mzigo, hasara inabebwa na sanduku la koperative, siyo na mwenye gunia wala na kapiteni. Pale ambapo halijaandikwa, tumeona watu wakibishana juu ya gunia la nani liende kwanza, na maji yanaendelea kuingia.

Wakati mzuri wa kazi hii yote ni kabla ya mavuno ya kahawa, boti ikiwa bado haina safari nyingi. Koperative inayotaka kufanya kipimo cha bidoni inaweza kumuomba mushauri wetu wa eneo aje; ana futi ya kupimia na rangi, na atakuja na mfano wa tiyo na kitundu cha hewa ili mafundi waione na kuishika. Bidoni na vijana ni juu yenu.